Gari Litalala Ndani

Jumatatu, 1 Septemba

Leo, mbele ya mashahidi wawili, yaani mume wangu Lyle na jokofu, nimetoa tangazo rasmi: gari langu litalala ndani ya gereji kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Nilisimama kulisema. Nilivua hata aproni. Jokofu liliguna. Lyle aliikoroga saladi yake ya viazi, akaitazama, akasema, "Si wazo baya."

Hapa kwetu Minnesota "si wazo baya" ni neno lenye vyumba vingi. Laweza kuwa ndiyo, laweza kuwa hapana, na mara nyingi ni mlango wa nyuma wa kutokea.

Sababu ninayo. Februari iliyopita, alfajiri, nikiwa nakwangua barafu kwenye kioo cha gari ili niwahi jikoni mwa shule kuwapikia watoto wa watu, niliteleza nikavunja kifundo cha mkono wa kulia. Daktari aliniwekea vyuma. Akanionya kwamba nikiuangukia mkono ule tena, nisahau habari ya kunyanyua sufuria. Na mpishi asiyenyanyua sufuria ni mlaji tu.

Gereji tunayo. Imepakana na jikoni, ina mlango, ina paa, na ndani yake mna kila kitu alichokiumba binadamu isipokuwa gari.

Jumanne, 2 Septemba

Mvua. Lyle anasema gereji haipangwi siku ya mvua, vitu vitalowa. Vitu vimo ndani.

Jumamosi, 6 Septemba

Tumeanza. Tulipoinua mlango, vitu havikuanguka. Vilikuwa vimeshikana vizuri mno.

Mtindo wa Lyle wa kupanga ni huu: anaokota kitu, anakifuta vumbi kwa kiganja, anakisimulia maisha yake, kisha anakirudisha pale pale kwa upole kama mtu anayemlaza mtoto. Nimesikia leo historia ya ndoo. Nimesikia historia ya nusu ya ngazi, na jinsi nusu ya pili ilivyokwenda. Tulipofika kwenye mashine ya kukatia nyasi nikauliza:

"Hii inafanya kazi?"

"Inahitaji kitu kidogo tu."

"Kitu gani?"

"Injini."

"Lyle."

"Injini zinapatikana, Ardis. Ukishatupa mwili ndipo injini itatokea, na hapo utalia."

Kufikia jioni vyote vya kushoto vilikuwa vimehamia kulia, na vya kulia vimehamia kushoto. Katikati bado umening'inia mtumbwi wa bati wa shemeji yangu Verlyn, mdogo wake Lyle. Umefungwa kwa kamba chini ya paa, tumbo lake limeshuka hadi usawa wa pua yangu. Gari halipiti chini yake. Hata mimi napita nimeinama, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Jumapili, 7 Septemba

Mgongo.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya mji mzima kuuza mitumba yake mbele ya gereji. Kila nyumba inatoa meza, kila meza inajaa vitu ambavyo mwaka jana vilikuwa kwenye meza ya jirani. Nilifurahi. Nilimwambia Lyle, "Leo jioni tutakuwa na gereji." Nikaoka keki ya malenge, nikachemsha kahawa, nikapanga bei.

Watu walikuja. Walikunywa kahawa. Walisema, "Loo, mna vitu vingi." Walikula keki, wakaacha kipande cha mwisho kwenye sahani kama ilivyo adabu, kila mmoja akikikata nusu mpaka kikabaki cha kumtosha sisimizi. Vitu hawakugusa. Vichache vilivyoondoka ni vile vilivyokuwa na manufaa.

Mchana Lyle akasema anavuka barabara kumsalimia Gordy Haugen. Gordy ni mgane wa upande wa pili, mtu mpole, kofia haimtoki kichwani. Nikamwambia, "Salimia kwa mdomo, mikono iache mfukoni." Baada ya muda nawaona wanakuja, mmoja mbele mmoja nyuma, wamebeba mashine ya mazoezi ya kukimbilia.

"Hiyo ni nini, Lyle?"

"Hakuna mtu aliyesimama mezani kwake, Ardis. Amekaa peke yake pale tangu asubuhi."

"Si ungesimama tu? Kusimama ni bure."

Gordy alisikia. Akaiteremsha upande wake, akashika ukingo wa kofia. "Jirani, kama hamuihitaji naweza kuirudisha. Kwangu haina shida hata kidogo."

"Hapana, Gordy! Ni nzuri sana. Tulikuwa tunaiwazia mashine kama hii."

Aliyesema maneno hayo si Lyle. Ni mimi.

Jumatatu, 15 Septemba

Mashine ya kukimbilia imekaa pale ambapo gurudumu la mbele la gari lingekaa. Lyle ameanika juu yake suruali yake ya kuvulia samaki.

Jumatatu, 22 Septemba

Majani ya kwanza mekundu. Watu wanasema, "Mwaka huu vuli ni nzuri." Mimi nikiyatazama mekundu naona vyuma mkononi.

Jumamosi, 27 Septemba

Sikusomea tabia za watu. Nimezisomea dirishani pa kupakulia chakula. Mtoto anayesema "chochote tu" ndiye anayelia ukimpa chochote. Kwa hiyo leo nilimwita Verlyn aje kwa kahawa, nikamkalisha na kaka yake gerejini, chini ya mtumbwi, nikauliza waziwazi jambo ambalo katika ukoo wao halijawahi kuulizwa.

"Shemeji, mtumbwi wako utauchukua lini?"

Verlyn akatazama juu. "Wangu? Huu si wa Lyle?"

"Wangu?" Lyle akaweka kikombe chini. "Wewe si ulisema nikutunzie?"

"Nilisema kama unauhitaji, kaa nao. Nikaona umeufunga kwa kamba nzuri, nikajua umeupenda. Nikanyamaza."

"Niliufunga vizuri kwa sababu ni mali ya mtu! Nilidhani huna pa kuuweka."

"Mimi? Gerejini kwangu ni peupe, bwana. Unaweza kucheza dansi."

Ndugu wawili wa tumbo moja wameinua vichwa wanatazama mtumbwi ambao hakuna aliyeutaka, na kila mmoja ameuvumilia miaka yote kwa ajili ya mwenzake. Nilijua sasa wataona haya, watacheka, watauteremsha. Wapi.

"Basi niuchukue," akasema Verlyn, "kama kweli huutaki."

"La, mimi naweza kukaa nao, kama unaona utakusumbua."

"Haunisumbui. Lakini kama ulikuwa umeuzoea..."

"Kuuzoea nimeuzoea, ila wewe ndiye..."

Nilikwenda jikoni nikaja na kisu cha mkate. Nikaanza kukata kamba. Ndipo wakakimbia kuudaka.

Verlyn alipokwisha kuupakia kwenye gari lake, waliagana. Kuagana kwa watu hawa ni shughuli nyingine. Waliagana jikoni, wakaagana kwenye ngazi, wakaagana dirishani pa gari injini ikiwa inanguruma. Chai ya jioni ilinikuta bado wanaagana. Lakini mtumbwi umekwenda. Nimepita gerejini nimesimama wima, nikagonga kichwa kwenye ndoano ulikokuwa unaning'inia.

Jumapili, 5 Oktoba

Mabata bukini wameanza kwenda kusini. Wanapiga kelele usiku na mchana. Wao wanajua kusema wanachotaka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Umande umeganda. Nimekwangua kioo kwa mkono wa kushoto, miguu nimeitanua kama ndama aliyezaliwa jana. Niliinua macho nikamwona Lyle dirishani na kikombe cha kahawa. Aliponiona namwona, akaachia pazia.

Nimeendesha hadi shule bila kuwasha redio. Watoto leo wamekula supu yenye chumvi nyingi na hakuna aliyelalamika. Wameshakuwa watu wa huku.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku mbaya. Nitaiandika yote, maana nikiibakiza itanizuia usingizi.

Tangu asubuhi kazi ilikwenda. Mashine ya kukimbilia imechukuliwa na kanisa kwa ajili ya vijana, Mungu awasaidie. Ndoo zimekwenda. Mwili wa mashine ya nyasi umekwenda. Lyle alitoa heshima za mwisho. Kikabaki kitu kimoja kwenye ukuta wa nyuma, kikubwa kama kitanda cha watu wawili, kimefunikwa turubai, na turubai limefungwa vizuri kuliko kitu chochote kingine humo. Siku zote nilikuwa najigonga ugoko hapo nikidhani ni mbao. Nikasema, "Tumalizie na hizi mbao."

Lyle akasema, "Hiyo hapana."

Nilichemka. Nilimwambia yaliyokuwa yamenikaa tangu Septemba. Nilimwambia kwamba amewatunzia watu wote wa wilaya hii takataka zao, na mkewe mwenye vyuma mkononi anakwangua barafu. Nilimwambia yeye ni mlinzi wa ghala la watu waliokwisha kusahau. Nilisema mengine. Lyle alikwenda akafungua turubai, fundo moja moja, bila haraka, kama anavyofanya kila kitu.

Ulikuwa mtambo wa kufumia vitambaa. Wa mbao, wa kizamani, na kanyagio zake zote. Umepakwa mafuta. Hauna kutu popote wala vumbi.

"Wa nani huu?" nikauliza.

"Wako."

"Wangu tangu lini?"

"Tangu mnada wa shamba la kina Tollefson. Ulisimama mbele yake ukasema ni mzuri. Ukasema, 'Ni raha kuwa na kitu kama hiki.' Mimi nikarudi kesho yake nikaununua. Nikawa nangoja gereji iwe na nafasi nikutengenezee kona."

Naikumbuka siku ile. Mama Tollefson alikuwa amesimama pembeni ya mtambo, shamba lao linauzwa, macho mekundu. Nilisema ni mzuri kwa sababu lazima mtu aseme kitu. Sijawahi kutaka kufuma. Sina subira ya kufunga hata kamba za viatu.

Kwa hiyo nafasi ilikuwa haipatikani kwa sababu ya mtambo, na mtambo ulikuwa unangoja nafasi. Na mimi ndiye niliyeuita.

Nikafungua mdomo kumwambia siutaki. Kikatoka, "Umeupaka mafuta vizuri sana."

"Kila masika," akasema.

Nikaingia jikoni. Nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mwanamke aliyekata kamba za mtumbwi kwa kisu cha mkate, anayewacheka ndugu wawili katika kila ukurasa wa daftari hili, alikuwa anashindwa kumwambia mume wake maneno mawili. Nilimwona kupitia mlango: amekaa kwenye kiti cha mtambo, anasugua mbao kwa mkono wa shati. Sasa, ukimwambia mtu kama huyo siutaki, umemwambia nini? Na usipomwambia, Januari utamwambia nini daktari?

Nikarudi. Nikasema, kwa haraka, kama mtu anayerukia maji baridi, "Lyle, siutaki. Sijawahi kuutaka. Nilimwonea huruma yule mama."

Nikaanza kuokota maneno ya kulainisha. Akanitangulia.

"Hujawahi?"

"Hata siku moja."

"Mimi huu mtambo," akasema akitazama kanyagio, "nauchukia kama nini sijui. Umenichubua miguu yote miwili."

Tulicheka, lakini si sana. Alipoinuka alipitisha tena kiganja juu ya mbao, kisha akaenda kumpigia simu mwalimu wa sanaa wa shule.

Jumapili, 19 Oktoba

Mwalimu kauchukua. Alisema ni mzuri sana. Nilimtazama machoni nikamuuliza kama kweli anautaka. Aliogopa, lakini akasema ndiyo.

Jumatano, 22 Oktoba

Chembe za theluji zimeruka asubuhi. Ubishani umezuka mezani kama hiyo ni theluji ya kwanza. Lyle: "Hiyo si theluji. Hiyo ni mbingu inajikuna." Nimekubali, kwa sababu gereji bado ina makopo ya rangi sakafuni.

Jumapili, 26 Oktoba

Tumeona sakafu. Ni ya kijivu. Gordy alivuka barabara kuja kuitazama, akavua kofia.

Ijumaa, 7 Novemba

Gari limeingia. Lyle aliliongoza kwa mikono kama rubani anavyoongozwa uwanjani, ingawa njia ilikuwa tupu pande zote. Alipofunga mlango nilikaa ndani ya gari kidogo. Hakuna upepo. Hakuna barafu. Harufu ya mpira na mbao. Nilipanda ngazi hadi jikoni bila kushika kitu.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo msimu wa kuwinda kulungu umefunguliwa. Alfajiri wanaume wote wa mji waliondoka wamevaa rangi ya machungwa, Lyle akiwa mmojawao. Alirudi mchana mikono mitupu na moyo mwepesi. Anakwenda kwa ajili ya sandwichi.

Kabla Lyle hajavua viatu, Verlyn akaingia uani kwa kinyumenyume. Nyuma ya gari lake amelala kulungu dume, pembe zimetoka nje kama kiti kilichopinduliwa.

"Shemeji!" akaniita, uso unawaka. "Umemwona huyu? Nimesikia gereji yenu imekuwa uwanja. Na zile ndoano za mtumbwi si bado zipo? Mzee huyu atakaa pale siku tatu nne, nyama ipumzike, halafu tunamchuna. Mguu mmoja wenu."

"Na kwako, shemeji? Si ulisema mtu anaweza kucheza dansi?"

"Kwangu sasa kuna mtumbwi."

Nilimtazama Lyle. Katika mji huu humnyimi mtu mahali pa kutundika kulungu. Ni kama kumnyima maji. Na Lyle, kwa jinsi ninavyomjua, hajawahi kumnyima mtu hata jambo ambalo hakuombwa. Redio ilikuwa imetangaza barafu kwa usiku ule. Niliona mkono wake unakwenda ukutani kwenye ufunguo wa gari langu. Nikajisemea, haya, Ardis, katafute kikwanguo chako.

Ufunguo aliushika. Akautia mfukoni mwake.

"Haiwezekani, Verlyn," akasema.

Verlyn alicheka, akidhani ni utangulizi. "Siku tatu tu, kaka. Mbili."

"Haiwezekani. Gari la Ardis limelala humo."

"Si litoke kidogo? Gari ni chuma, halisikii baridi."

"Februari ile," Lyle akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anasimulia habari za ndoo, "nilisikia kishindo nje. Nikadhani kifuniko cha pipa la taka kimeanguka. Nikamalizia kahawa yangu, Verlyn. Nikamimina nyingine. Ndipo nikatoka." Akatazama viatu vyake. "Haiwezekani."

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo la vyombo. Nikakumbuka lile pazia la Oktoba, na jinsi nilivyomhukumu njia nzima hadi shule.

Verlyn alishika masikio ya kulungu, akayaachia. "Haya," akasema. "Hilo nalo ni jipya." Kwa lugha ya huku hayo ni matusi ya nguoni.

Hakuagana. Hata dirishani hakuagana. Aliingia garini akaondoka, pembe zinatikisika. Lyle alisimama uani mpaka gari likapotea, akaingia, akakaa mezani akiwa amekunja mikono, mweupe kama mtu aliyetolewa jino. Nilimpa kahawa.

"Atakasirika mpaka Krismasi," akasema.

"Mpaka Pasaka," nikasema. "Kunywa."

Jumatano, 12 Novemba

Verlyn amemtundika kulungu kwenye mti wa uani kwake. Kunguru wamekula sehemu. Ameleta mguu hata hivyo, akauacha ngazini bila kubisha hodi. Lyle ameuokota kama mtu aliyepokea barua ya msamaha.

Jumatatu, 17 Novemba

Redio inasema ni usiku wa leo. Si mbingu kujikuna, theluji yenyewe. Gordy ameshaegesha gari lake barabarani na kulifunika blanketi. Nilipopita nikampungia mkono wa kulia.

Baada ya chakula Lyle alikwenda gerejini kukagua mlango. Hakurudi mara moja. Nikachungulia: amekaa ndani ya gari langu, taa ya ndani inawaka, redio inatangaza mechi ya magongo ya barafu, naye anazitazama kuta moja baada ya nyingine. Kila kifaa kimening'inia mahali pake. Alikaa hadi mechi ikaisha, na ilikwenda muda wa nyongeza. Alirudi ndani na uso wa mtu aliyetoka kanisani, akasema, "Ni gereji nzuri, Ardis," na safari hii sikuhitaji kutafsiri.

Jumanne, 18 Novemba

Theluji imeshuka, imefika vifundoni. Mtaa mzima wako nje gizani, wanakwangua, wanateleza, wanashikilia vioo vya pembeni. Mimi nimeshuka ngazi na viatu vikavu. Kioo cha gari kisafi kama sahani. Lyle amevaa nguo za kulalia, ameinua mlango wa gereji kwa mikono miwili, amesimama pembeni wima kama bawabu wa hoteli kubwa. Nimekaa. Nimefunga mkanda. Nimetia ufunguo, nimezungusha.

Betri imekufa.